Somo la 7: Kiungo Kimoja Kikiumia

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Zaburi 139:13–16, 1 Wakorintho 12:14–26, Hosea 7:8–10, 1 Wafalme 19:1–8, Yohana 9:1–7, 2 Wafalme 20:1–7.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 12:26. Kila mwanafunzi alisome kwa sauti katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Paulo alipotaka kuwaeleza Wakorintho maana ya kanisa, alichukua mfano ambao kila msikilizaji alikuwa nao tayari: mwili wake mwenyewe. Jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao. Kiungo kimoja kikiumia, maumivu ni ya wote.

Mtume aliandika hayo ili kutuliza mafarakano, lakini alichosema kuhusu mwili ni kweli pia hospitalini. Magonjwa mengi yanayowapeleka watu Temeke, Mwananyamala na Muhimbili hayakuanza siku mgonjwa alipoanguka. Yalianza pale mfumo mmoja ulipolegea, na mifumo mingine ikabeba mzigo wake kimyakimya, mpaka nayo ikachoka. Kati ya siku ile ya kulegea na siku ya kuanguka huweza kupita miaka kumi au zaidi, na katika miaka hiyo mtu hula, hucheka, huimba kwaya na kujiona mzima.

Juma hili darasa litajifunza jinsi hitilafu ya mfumo mmoja inavyozaa ugonjwa wa mwili mzima, na kwa nini kujisikia vizuri hakutoshi kuwa ushahidi wa kupona. Litaangalia pia wajibu wa kanisa kwa mshiriki ambaye mwili wake umeanza kushindwa.

JUMAPILI
Umbile la Ajabu

Soma Zaburi 139:13–16 na 1 Wakorintho 12:14–18. Ni nani aliyepanga viungo mahali pake, na kwa kusudi gani?

Daudi hakuwa na darubini wala picha ya mionzi, lakini alijua kwamba umbo lake lilikuwa kazi ya Mungu. Leo yanajulikana mambo ambayo yangemfanya aimbe zaidi. Moyo, ambao ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenye mwili, hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Mtu mzima akiwa ametulia, husukuma kama lita 5 za damu kila dakika. Karibu moja ya tano ya damu hiyo huenda kwenye figo mbili, na kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja takriban lita 180 za maji ya damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kiasi cha lita moja hadi mbili tu hutoka kama mkojo.

Figo zina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui: hupima msukumo wa damu. Zikihisi kwamba damu inazifikia kidogo, hutoa kemikali inayoanzisha mfululizo wa amri mwilini. Mishipa hubana, na chumvi na maji huzuiwa visitoke, ili msukumo upande. Ubongo nao hutuma amri zake kwa njia ya neva, na kongosho hutoa insulini ili sukari iingie kwenye seli. Hakuna mfumo unaofanya kazi peke yake.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaweza kulielewa hili kwa maji ya bomba. Maji yanayofika Kinondoni husukumwa na pampu kutoka Mto Ruvu. Bomba likiziba njiani, mtaa wa mbele hukauka hata kama pampu ni nzima. Msukumo ukizidi, bomba hupasuka mahali palipo dhaifu. Ndivyo ilivyo kwa moyo na mishipa.

Muumba ameweka pia akiba mwilini. Mtu anaweza kuishi vizuri kwa figo moja, na ndiyo sababu ndugu anaweza kumpa ndugu yake ya pili. Akiba hiyo ni rehema. Lakini kwa sababu ya akiba hiyo hiyo, uharibifu unaweza kuendelea kwa muda mrefu bila mwenye mwili kuhisi chochote.

Wazo la kutafakari: Ni kazi gani ya mwili wako uliyoitegemea leo tangu asubuhi bila kuikumbuka wala kumshukuru Mungu kwa ajili yake?

JUMATATU
Mvi Asizoziona Mwenyewe

Soma Hosea 7:8–10. Efraimu alikuwa na tatizo gani kubwa kuliko udhaifu wenyewe?

Nabii anamwonyesha Efraimu kama mtu ambaye nguvu zake zimeliwa na wageni, na mvi zimemtokea, naye hana habari. Hatari yake kubwa ni kwamba anadhoofika huku akijiona yuko imara.

Presha ya kupanda huanza hivyo hivyo. Wataalamu huhesabu kuwa mtu ana presha ya juu vipimo vyake vikirudia kuwa 140/90 au zaidi katika siku tofauti. Mtu wa namna hii mara nyingi haumwi kichwa, hahisi kizunguzungu, wala hana dalili yoyote. Ndani, hata hivyo, kazi imekwisha kuanza. Moyo unaosukuma dhidi ya mishipa iliyobana huongeza unene wa misuli yake, kama mkono wa mbeba mizigo wa Tandika. Mwanzoni unene huo husaidia. Baadaye moyo hukakamaa, hushindwa kujaa vizuri, na mwisho huchoka. Miguu huvimba, pumzi hukata mtu akipanda ngazi.

Figo nazo hupigwa na msukumo huo kwenye vichujio vyake. Vichujio vikifa, vilivyobaki hufanya kazi ya ziada. Figo iliyoumia huona kana kwamba damu haitoshi, hivyo hutoa tena amri ya kupandisha presha. Presha iliyopanda huua vichujio vingine. Hapo mduara umekamilika: presha huharibu figo, na figo hupandisha presha. Kipimo cha kawaida cha damu kinaweza kuonekana kizuri mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo uwe umepotea. Kisukari kikiongezeka juu ya presha, mwendo huo huwa wa haraka zaidi, kwa kuwa sukari nyingi huharibu mishipa midogo ya figo, macho na miguu.

Katika ubongo, mshipa huweza kuziba au kupasuka. Hicho ndicho kiharusi.

Hili si jambo la nchi za mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulipima watu wazima wa Ilala jijini na wa kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Takriban watu watatu kati ya kila kumi walikuwa na presha ya juu. Kati ya hao wenye presha, wasiofika asilimia 20 walijua hali yao, kama asilimia 10 walikuwa kwenye matibabu, na wasiofika asilimia 1 walikuwa wameidhibiti. Utafiti mwingine wa kati ya mwaka 2003 na 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai takriban 109.

Wazo la kutafakari: Laodikia alijiona hana haja ya kitu (Ufunuo 3:17). Kuna uhusiano gani kati ya mtu asiyetaka kupimwa presha na mtu asiyetaka kuchunguzwa na Neno?

JUMANNE
Mzigo wa Kila Siku

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Malaika alimpa Eliya nini kabla Mungu hajasema naye Horebu?

Eliya alitoka kwenye ushindi wa Karmeli akiwa amechoka, ana hofu, na anatamani kufa. Mungu hakuanza na hotuba. Eliya alilala, akaamshwa, akala mkate, akanywa maji, akalala tena, akala tena. Mungu alijua kwamba roho iliyovunjika ilikuwa ndani ya mwili uliokwisha.

Mtu anapoogopa, neva na tezi huandaa mwili kwa kukimbia au kupigana: moyo huenda mbio, mishipa hubana, sukari humwagwa kwenye damu. Mpango huo ni mwema kwa dakika chache. Haukuumbwa ili udumu mwaka mzima.

Mkazi wa Chamazi au Bunju anayefanya kazi katikati ya jiji huamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala, na hurudi nyumbani saa tatu usiku. Hulala saa nne au tano. Mchana amekaa kitako, au amesimama kwenye msongamano akiwaza kodi ya nyumba na ada ya watoto. Chakula chake ni kile kilicho karibu na cha bei nafuu: chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara ya pili, soda, na usiku ugali na dagaa wa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, chakula chote kikihesabiwa pamoja.

Hapa Waadventista wana jaribu lao. Mtu asiyevuta sigara, asiyekunywa pombe na asiyekula nguruwe anaweza kudhani kwamba amemaliza somo la afya. Lakini figo hazisomi orodha ya washiriki. Chumvi ya mwamini huzuia maji mwilini sawasawa na chumvi ya jirani yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, Ellen White alitaja tiba nane: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, matumizi ya maji, na kumtumaini Mungu. Kuacha vitu vichafu hakujazi nafasi ya pumziko wala ya mazoezi.

Ni kweli pia kwamba si kila mtu ana uwezo wa kuchagua. Mama anayeuza vitumbua alfajiri hawezi kuambiwa tu alale saa nane. Lakini anaweza kupunguza chumvi katika sufuria yake, kushuka kituo kimoja kabla na kutembea, na kuipokea Sabato kama siku ambayo Mungu aliiweka ili naye apumzike kweli.

Wazo la kutafakari: Je, Sabato ya mzee wa kanisa, shemasi au mwanakwaya ni siku ya pumziko, au ni siku nyingine ya kukimbizana na ratiba? Darasa linaweza kubadili nini?

JUMATANO
Nani Alitenda Dhambi?

Soma Yohana 9:1–7. Wanafunzi walidhani kuna majibu mangapi? Yesu alijibu nini?

Baada ya somo la jana, ni rahisi kukimbilia hukumu: amejitakia mwenyewe. Wanafunzi walimwona kipofu tangu kuzaliwa, wakauliza swali lenye majibu mawili tu: yeye, au wazazi wake. Yesu aliyakataa yote mawili, kisha akashughulika na macho ya mtu yule.

Ugonjwa wa selimundu unaonyesha kwa nini swali la wanafunzi lilikuwa baya. Kila mwaka inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania. Chanzo ni badiliko dogo katika kinasaba kimoja tu, kile kinachoelekeza utengenezaji wa sehemu nyekundu ya damu. Kwa badiliko hilo, chembe nyekundu za mtoto hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na hufa mapema. Kutoka hapo huumia bandama, mifupa, mapafu, figo, hata ubongo. Hitilafu moja ndogo, na mifumo yote hulipa.

Mtoto huyo hakukosa lolote. Wazazi wake nao hawakukosa. Kila mmoja wao alibeba nakala moja ya kinasaba hicho bila kuugua, na wote wawili wakibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi wake Afrika Mashariki kwamba nakala moja humkinga mtu dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea sana pwani na kandokando ya maziwa. Katika ulimwengu uliojeruhiwa na dhambi, kitu kilichowaokoa mababu wengi na malaria ndicho kinachomliza mtoto usiku.

Mama wa mtoto mwenye selimundu husikia mengi: amerogwa, amelaaniwa, kuna dhambi iliyofichwa. Akiyasikia hayo sokoni inauma. Akiyasikia kanisani inauma zaidi.

Hata pale ambapo mazoea ya mtu yamechangia ugonjwa wake, Yesu hakuwahi kumwomba mgonjwa athibitishe kwanza kwamba hana hatia ndipo amponye.

Wazo la kutafakari: Ni maneno gani ambayo darasa lako linapaswa kuacha kuyasema mbele ya mgonjwa? Ni yapi yachukue nafasi yake?

ALHAMISI
Maombi na Mkate wa Tini

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumponya Hezekia. Kwa nini basi tini ziliwekwa kwenye jipu?

Hezekia aliugua ugonjwa wa kufa. Aligeuza uso ukutani, akaomba, akalia. Isaya alikuwa hajatoka hata ua wa kati, Neno likamrudisha: mfalme ameongezewa miaka 15. Kisha nabii yule yule akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, na mfalme akapona. Isaya hakuona aibu kutumia dawa baada ya ahadi, na Hezekia hakuikataa dawa kwa jina la imani.

Chukua mfano wa mzee wa kanisa wa miaka 58, mkazi wa Mbagala. Alipimwa presha wakati wa makambi, ikawa 180/110. Alianzishiwa dawa, na kanisa likamwombea. Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma 130/80. Alisimama Sabato akashuhudia kwamba Bwana amemponya, na kanisa lote likaitikia amina. Juma lile lile akaacha vidonge. Miezi minane baadaye, alfajiri moja, alitaka kumwita mkewe akashindwa kulitamka jina lake.

Kosa lilikuwa wapi? Ushuhuda wake ulikuwa wa kweli katika jambo moja: Mungu alikuwa amejibu. Jibu lilikuwa limefika katika umbo la kidonge, naye akalitupa jibu. Ile 130/80 ilikuwa kipimo cha mwili uliokuwa ukisaidiwa. Msaada ulipoondolewa, mishipa ilirudia kubana na mduara wa figo ukaanza upya, bila maumivu yoyote ya kumwonya.

Hamu ya kupona mara moja na kumaliza inaeleweka. Mwaka 2011 maelfu ya watu, kutoka Dar es Salaam na hata nchi jirani, walisafiri hadi Samunge, Loliondo, wakapanga foleni ndefu ya magari ili wanywe kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Baadhi yao waliacha dawa za kisukari, presha na UKIMWI. Haifai kuwacheka. Walikuwa wamechoka kuwa wagonjwa. Lakini mfumo ulioharibika kidogo kidogo kwa miaka mingi huhitaji, kwa kawaida, uangalizi wa kila siku kwa miaka mingi.

Mungu anaweza kuponya kwa neno moja. Anayeamini kwamba ameponywa hivyo hapotezi chochote kwa kurudi kwa daktari na kupimwa kabla ya kubadili dawa. Wale kumi wenye ukoma waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Vivyo hivyo, mwenye kisukari anayetaka kufunga na kuomba aulize kwanza, kwa maana kuchoma insulini bila kula kunaweza kuishusha sukari hadi kupoteza fahamu.

Tena, uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea ghafla, au maneno yakikwama, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Maombi yafanyike ndani ya gari.

Wazo la kutafakari: Je, kumeza kidonge kila asubuhi kunaweza kuwa tendo la imani? Eleza.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kabisa huhitaji damu yake isafishwe kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, kama saa nne kila mara. Mwezi Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mgonjwa wa Chamazi bado lazima afike hospitali na kurudi, juma baada ya juma, nguvu zikiwa zimekwisha na nauli nayo imekwisha.

Hapo ndipo 1 Wakorintho 12:26 linapoacha kuwa fungu la kukariri tu. Katika mwili, kiungo kikidhoofika vingine hubeba mzigo wake bila kusubiri kuombwa. Kanisa linaweza kujifunza kubeba hivyo: mmoja asindikize, mwingine alete chakula kisicho na chumvi nyingi, Dorkasi wajue ni nani aliyeishiwa fedha za dawa kabla hajaacha kuzimeza. Mashine moja ya kupimia presha mlangoni pa kanisa, na muuguzi mshiriki anayejua kuitumia, inaweza kugundua mvi ambazo mwenyewe hazioni. Wala mgonjwa asibebe peke yake kazi ya kuonekana amepona ili imani ya wengine isitikisike.

Siku inakuja ambapo huu uharibikao utavaa kutokuharibika (1 Wakorintho 15:53). Mpaka siku hiyo, miili hii inayochakaa ni mali ya Bwana, na kutunzana ni sehemu ya ibada.

Maswali ya kujadili:

1. Mzee wa Mbagala amerudi kanisani, anatembea kwa fimbo na kusema kwa shida. Baadhi ya washiriki wanasema imani yake ilipungua. Wengine wanasema ushuhuda wake ulikuwa wa uongo. Darasa lingewajibuje, naye angeambiwa nini?

2. Ni jinsi gani kanisa linaweza kuendelea kutoa nafasi ya shuhuda za uponyaji bila kuwashawishi wagonjwa kuacha dawa?

3. Katika darasa lenu, ni wangapi wamepimwa presha na sukari mwaka huu? Kubalianeni siku moja, kabla robo hii haijaisha, ya kwenda kupima pamoja.

4. Taja mshiriki mmoja wa eneo lenu aliye mgonjwa kwa muda mrefu. Gawaneni kazi leo, kabla ya kufunga kwa maombi: nani atamtembelea, siku gani, na atabeba nini mkononi?